Dakika 13: Fundi wa mbao aliyetaka kummaliza Hitler kabla majenerali hawajaamka

Najua unayemfikiria. Nikisema “wale waliojaribu kumuua Hitler wakashindwa”, kichwani mwako anaingia Tom Cruise akiwa na kitambaa jichoni, sare imenyooka, mkoba mkononi. Hata mimi ndivyo nilivyoijua hadithi. Niliitazama ile filamu kwenye kompyuta ya msee tuliyekuwa tukiishi naye keja moja, enzi zile bado nilikuwa na kitambulisho cha chuo mfukoni. Tukalala tukijua kwamba Wajerumani waliothubutu walikuwa makanali na majenerali, watu wenye nyota begani.

Sasa hebu nikusimulie ya fundi.

Karibu miaka mitano kabla ya kanali huyo wa kwenye filamu, kuna seremala aliyefanya kazi peke yake, usiku, magoti chini, kwa tindo na nyundo. Akamkosa Hitler kwa dakika 13. Si siku, si saa. Dakika 13. Hapa Nairobi huo ni muda ambao mathree inasubiri abiria wawili wa mwisho pale steji, na wewe umeketi kiti cha nyuma ukisonya.

Anaitwa Georg Elser. Kama hulijui jina hilo, usijilaumu. Wajerumani wenyewe walichukua miongo kadhaa kabla ya kulitaja bila kukunja uso.

Msee wa kawaida tu

Elser alizaliwa mwaka 1903 katika kijiji cha Hermaringen, kusini mwa Ujerumani, akakulia Königsbronn. Mzee wake alikuwa mlevi, na mama ndiye aliyebeba nyumba. Shule aliimaliza baada ya miaka saba. Akapelekwa kiwanda cha chuma kujifunza kazi ya mashine, hakuiweza kiafya, akaacha. Ndipo akaenda kwa fundi wa mbao, na huko akajipata: mwaka 1922 alimaliza mafunzo akiwa wa kwanza katika darasa lake.

Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alipenda muziki, alipiga zeze la mezani na lile gitaa kubwa la besi linalosimamishwa wima, na wasichana walimpenda. Kura yake aliwapa Wakomunisti, kwa sababu moja isiyo na falsafa yoyote: aliona hao ndio wanaopigania mshahara wa mfanyakazi. Hitler alipoingia madarakani mwaka 1933, Elser alikataa kuinua mkono kutoa ile saluti. Hotuba za Hitler zikianza redioni, alikuwa anaondoka chumbani. Ni hayo tu. Hakuandika vitabu, hakuhutubia, hakuwa na mbogi.

Alichokuwa nacho ni hesabu ya fundi. Mwaka 1929, alisema baadaye, seremala alilipwa marka moja kwa saa. Miaka 10 baadaye, chini ya Wanazi waliojisifu kwamba wamewapa watu kazi, ilikuwa pfenigi 68. Tena mfanyakazi hakuruhusiwa kuhama kazi atakavyo. Halafu Septemba 1938 viongozi wa Uingereza na Ufaransa wakakaa na Hitler mjini Munich na kumkabidhi kipande cha Czechoslovakia ili atulie. Dunia ikashusha pumzi. Elser hakuamini. Aliona mtu huyu atataka kipande kingine na kingine, na kwamba vita vinakuja. Akakata kauli kwamba njia pekee ya kuvizuia ni kuwaondoa walio juu: Hitler, Göring na Goebbels.

Unaweza kusema kila mtu mtaani ana mpango wa aina hiyo akiwa baa. Tofauti ni kwamba Elser alikwenda kupima ukumbi.

Ratiba ya dikteta

Shida ya kumuua Hitler ilikuwa moja: hatabiriki. Alibadilisha safari dakika ya mwisho, alifika mapema, aliondoka ghafla. Lakini kulikuwa na siku moja asiyoikosa. Kila tarehe 8 Novemba jioni alikuwa Munich, kwenye ukumbi wa bia uitwao Bürgerbräukeller, akikumbuka jaribio lake la mapinduzi la mwaka 1923 pamoja na makada wa zamani wa chama. Saa mbili unusu usiku anaanza kuhutubia, saa nne hivi anamaliza. Mwaka baada ya mwaka.

Novemba 8, 1938, Elser akapanda gari-moshi hadi Munich. Hotuba ilipokwisha na milango kufunguliwa kwa umma, akaingia, akaangalia. Nyuma ya jukwaa, karibu sana na mahali Hitler anaposimama, kulikuwa na nguzo nene iliyovikwa mbao. Mtu mwingine angeona nguzo. Fundi wa mbao aliona kazi.

Hapa kuna kitu cha ajabu. Kesho yake tu, tarehe 9, mji ule ule, kijana mwingine alikuwa ameketi jukwaa la watazamaji akiwa na bastola mfukoni. Maurice Bavaud, Mswisi wa miaka 22, mwanafunzi wa theolojia aliyeacha seminari. Alikuwa amejifanya mwandishi wa habari akapewa kiti cha mbele kabisa kutazama gwaride. Hitler alipokaribia, umati mbele yake ukainua mikono kutoa saluti, msitu mzima wa mikono, akakosa pa kulenga. Akajaribu tena na tena siku zilizofuata, pesa zikamwishia, akapanda gari-moshi la kuelekea Paris bila nauli. Kondakta akamshika. Fikiria: amepita walinzi wote wa Hitler, halafu anakamatwa kwa sababu ya tiketi. Walipompekua wakakuta bastola. Akakatwa kichwa mjini Berlin, Mei 1941. Serikali ya nchi yake haikujisumbua sana kumtetea.

Elser na Bavaud hawakujuana. Lakini pima hilo: wawili wa kwanza kufika karibu namna ile walikuwa seremala na kijana aliyeacha masomo. Naruhusiwa kutabasamu kidogo hapo.

Usiku 30 na kitu

Elser alirudi nyumbani akaanza kukusanya vifaa. Alifanya kazi katika kiwanda kilichotengeneza silaha, akawa anachomoa baruti kidogo kidogo. Kisha akatafuta kibarua kwenye machimbo ya mawe, mahali fundi wa ujuzi wake hana sababu ya kuwa, kwa ajili tu ya kupata baruti ya kupasulia miamba. Mitambo ya saa aliijua tayari, maana aliwahi kufanya kazi kiwanda cha saa kule Konstanz.

Agosti 1939 akahamia Munich. Na hapa ndipo mimi huvua kofia.

Karibu kila jioni alikuwa anaingia Bürgerbräukeller kama mteja yeyote. Anaagiza chakula cha bei ya wafanyakazi, anakula, analipa. Kabla ya saa ya kufunga anapanda roshani ya ukumbi na kujificha kwenye stoo. Taa zinazimwa, milango inafungwa, yeye yuko ndani. Anatoka na tochi iliyofunikwa kitambaa cha buluu ili mwanga usionekane nje, anapiga magoti mbele ya ile nguzo, anaanza kutoboa. Hadi saa nane, saa tisa usiku. Kisha analala kidogo kwenye kiti pale stoo, na asubuhi anapenya mlango wa upande.

Alifanya hivyo usiku 30 hadi 35.

Kwanza alitengeneza kijilango kwenye mbao za nguzo, kimefungwa kwa bawaba, kazi safi kiasi kwamba mchana hakuna aliyekiona. Nyuma yake akachimba matofali na saruji, kwa mkono, kwa sababu mashine ingepiga kelele. Vyoo vya ukumbi vilijimwagia maji vyenyewe kila baada ya dakika 10, kwa hivyo pigo kubwa alilihifadhi hadi asikie maji yakishuka. Kifusi alikidondoshea kwenye mfuko aliojishonea, kisha mchana anakibeba kwa sanduku hadi mto Isar na kukimwaga. Chembe ya vumbi iliyoanguka sakafuni aliipangusa.

Kuna siku alipatikana. Asubuhi moja alikutwa pale stoo, na mwenye ukumbi akaitwa. Elser akasema ana jipu pajani, alikuwa anatafuta mahali pa faragha pa kulikamua. Akafukuzwa, akatoka hadi bustani ya ukumbi akaagiza kahawa. Usiku wa pili akarudi kazini.

Magoti yalivimba, yakafanya usaha. Kumbuka magoti hayo.

Kwani walinzi walikuwa wapi? Swali zuri. Ulinzi wa ukumbi ule ulikuwa mikononi mwa wanachama wenyewe wa chama, si polisi, kwa sababu ya vuta nikuvute ya nani mwenye heshima ya kumlinda Kiongozi. Si umeshaona mambo kama hayo? Mahali kila mtu anagombea cheo cha kusimama mlangoni, hakuna anayekagua nguzo.

Kile chumba kidogo ndani ya nguzo alikivika bati, mtu akigonga kisilie kitupu, na pia mpambaji asipigilie msumari akafika kwenye mitambo. Saa alizifunga mbili, moja ikifeli nyingine ifanye kazi, na akazizungushia gome la vizibo lisipitishe mlio. Mtambo huo angeweza kuutega siku sita kabla.

Usiku wa kuamkia Novemba 6 akautega: Jumatano tarehe 8, saa tatu na dakika 20 usiku. Katikati ya hotuba.

Wakati huo, Berlin na viunga vyake, unajua majenerali walikuwa wapi? Wakuu wa jeshi, Brauchitsch na Halder, walikuwa na mpango wao wa kumpindua Hitler, kwa kuwa waliona kuivamia Ufaransa haraka kutaliangamiza jeshi. Novemba 5 Brauchitsch akaenda kumshawishi Hitler aahirishe. Hitler akamfokea kwa hasira kuhusu watu wa jeshi wenye moyo wa woga. Halder aliposimuliwa, akadhani njama imegundulika, akaamuru karatasi zote zichomwe. Mpango ukaishia hapo. Wana vifaru, wana askari, wana simu. Waliogopa kelele. Usiku huo huo fundi alikuwa anakaza saa.

Ukungu

Elser alikwenda Stuttgart kumwachia dada yake vitu vyake, dada akampa marka 30 za njiani. Mtu mwingine angeelekea Uswisi moja kwa moja. Yeye akarudi Munich usiku wa tarehe 7, akapanda tena roshani, akaweka sikio kwenye nguzo. Saa zinatembea. Akaondoka.

Unajua mzaha wetu kuhusu mafundi. Ukiambiwa Jumatano, jua ni Jumatano ya mwezi ujao. Basi huyu ni fundi aliyemaliza kazi tarehe aliyosema, kwa dakika aliyosema. Aliyebadilisha ratiba ni mteja.

Vita vilikuwa vimeanza Septemba 1, na Hitler alikuwa na haraka ya kurudi Berlin kupanga mashambulizi dhidi ya Ufaransa. Ndege ilikuwa mashakani kwa sababu ya ukungu wa Novemba, kwa hivyo ikabidi arudi kwa gari-moshi, na gari-moshi halingoji. Akaanza hotuba mapema, saa mbili usiku. Akamaliza saa tatu na dakika saba. Akatoka na vigogo wake wote.

Saa tatu na dakika 20 nguzo ikalipuka, dari ikashuka juu ya jukwaa. Mahali alipokuwa amesimama Hitler palifunikwa na vifusi. Watu wanane walikufa, zaidi ya 60 wakajeruhiwa. Wengi wa waliokufa walikuwa Wanazi wa zamani. Mmoja alikuwa mhudumu wa ukumbi, mwanamke aliyekuwa kazini. Nitamrudia.

Elser hakusikia mlipuko. Zaidi ya nusu saa kabla, saa mbili na dakika 45, alikuwa ameshakamatwa Konstanz, hatua chache tu kutoka mpaka wa Uswisi. Maafisa wawili wa forodha walikuwa wakisikiliza hotuba ya Hitler ikitoka kwenye redio ya nyumba iliyokuwa karibu, wakamwona mtu akinyemelea ua. Mfukoni alikuwa na koleo la kukatia waya, vipande vya mtambo, na kadi ya posta yenye picha ya Bürgerbräukeller. Mpaka ulikuwa mwepesi kupitika alipoukagua mwaka uliotangulia. Vita vilikuwa vimeukaza.

“Nani alikutuma?”

Gestapo walimwambia avue suruali. Wakaona magoti. Mtu mwenye magoti kama yale alikuwa amepiga magoti mahali pagumu kwa muda mrefu. Baada ya siku kadhaa za kipigo, akasema: ni mimi, na sikuwa na mtu.

Hilo la mwisho ndilo lililowashinda. Nani alikutuma? Uingereza ilikulipa ngapi? Ni profesa gani alikuchorea? Wakampa karatasi, akachora mtambo wote kwa vipimo. Bado. Wakampa vifaa, akaunda upya. Bado. Siku moja tu baada ya mlipuko maajenti wa Hitler walikuwa wamewanyakua majasusi wawili wa Uingereza kule Venlo, mpakani mwa Uholanzi, kwa hivyo magazeti yakatangaza kwamba London ndiyo iliyopanga yote. Seremala wa Königsbronn kupanga mwenyewe? Haiwezekani.

Mimi swali hilo nalijua, ingawa kwangu halikuja na kipigo. Niliwahi kuketi katika ofisi moja mjini nikieleza kazi niliyoifanya kwa mikono yangu mwenyewe usiku na mchana, na mzee upande wa pili wa meza akaniuliza mara tatu: “Lakini ni nani hasa alikusaidia?” Hakuwa mkali. Alikuwa tu ameangalia mahali pa cheti kwenye karatasi zangu akakuta pengo. Nilitoka pale nikiwa na hasira ambayo sikuwa na mahali pa kuiweka. Nadhani ndiyo maana nilipokutana na Elser sikulala.

Wazazi wake, ndugu zake, hata mpenzi wake wa zamani walikamatwa na kupelekwa Berlin. Wanakijiji wa Königsbronn walihojiwa mmoja mmoja. Katika kanisa kuu la Munich watu waliimba wimbo wa kushukuru kwamba Kiongozi amenusurika. Hitler mwenyewe akasema majaliwa yamemlinda ili atimize kazi yake, na wengi wakaamini.

Utaniuliza, na hii inatuhusu nini sisi? Vita vilikuwa na wiki 10 tu. Poland ilikuwa imeanguka, lakini Ufaransa bado, Uholanzi bado, na Italia haikuwa imeingia. Italia iliingia Juni 1940, ilipoona Ufaransa inaanguka na Hitler anashinda. Mwezi uliofuata Waitaliano waliokuwa Ethiopia wakaizingira Moyale, Moyale yetu hii, na askari wa Keya waliokuwa ngomeni wakalazimika kutoroka usiku. Sikuambii kwamba bila Hitler hayo yasingetokea, hakuna anayeweza kuapa. Nakuambia tu kwamba pengo la dakika 13 lilikuwa refu, na mwisho wake mmoja ulifika hadi kwetu kaskazini.

Wenye nyota begani

Hao nitawapitia mbio, maana wana vitabu na sinema zao.

Machi 13, 1943, baada ya jeshi la Ujerumani kusagwa Stalingrad, Henning von Tresckow alipakia bomu kwenye ndege ya Hitler kule Smolensk likiwa limefungwa kama zawadi ya chupa mbili za pombe ya Cointreau. Alimwambia afisa mmoja, Heinz Brandt, “Mpelekee rafiki yangu, nilishindwa dau.” Ndege ikaruka, ikatua salama. Kiwashio hakikufanya kazi, huenda ni baridi ya juu angani. Mwenzake Schlabrendorff ikabidi apande ndege kesho yake kwenda kuchukua zawadi na kuacha chupa za kweli. Brandt, bila kujua, akawa anaitikisatikisa akicheka. Jasho lake unaweza kulifikiria.

Siku nane baadaye, Berlin, afisa aitwaye Gersdorff alijivika mabomu mwilini, tayari kufa, amwongoze Hitler kutazama maonyesho ya silaha zilizotekwa kwa Warusi. Kiwashio kilihitaji dakika 10. Hitler akapita maonyesho yote kama mtu anayekimbilia mathree ya mwisho, dakika chache tu, akatoka. Gersdorff akakimbilia chooni kuyategua. Alikufa kitandani mwaka 1980.

Na Julai 20, 1944 ndiyo ile ya Tom Cruise. Claus von Stauffenberg alikuwa amepoteza jicho moja, mkono wa kulia na vidole viwili vya kushoto huko Tunisia. Kwa vidole vitatu alitega bomu moja, akabishiwa hodi kabla ya kutega la pili. Akauweka mkoba chini ya meza, akatoka kwa kisingizio cha simu. Inaaminika ni yule yule Brandt wa chupa aliyeusogeza mkoba kwa mguu, ng’ambo ya mguu mnene wa meza. Saa sita na dakika 42 mchana ukalipuka. Wanne walikufa kwa majeraha, Brandt mmojawao. Hitler alitoka na suruali iliyochanika na ngoma za masikio zilizopasuka. Usiku huo Stauffenberg akapigwa risasi.

Walikuwa mashujaa? Ndiyo, na walilipa kwa maisha yao, na ya wengine wengi walionyongwa baadaye. Lakini tuambiane ukweli. Wengi wao waliufurahia ushindi wa Poland na Ufaransa. Walifungua macho baada ya kuona mauaji ya halaiki kwa macho yao, au baada ya kuona vita vinapotea. Fundi alifungua macho kwa kuangalia malipo yake ya wiki na kusoma gazeti.

Dhambi ya kukosa cheti

Hitler hakumuua Elser mara moja. Alimweka, amfanyie kesi kubwa ya kuiaibisha Uingereza vita vikiisha kwa ushindi. Akafungwa peke yake kambi ya Sachsenhausen, kisha Dachau. Walimpa mbao na zana, akawa anaunda vitu na kupiga zeze lake. Aprili 5, 1945, ushindi ukiwa umeyeyuka, ikaandikwa amri Berlin: mfungwa huyo auawe kimya kimya, na itangazwe amekufa kwenye shambulio la ndege. Aprili 9 akapigwa risasi na mwili ukachomwa. Siku 20 baadaye Wamarekani waliifungua Dachau.

Sasa sikia hii. Vita vilipoisha, watu walisema Elser alikuwa mtu wa Wanazi. Kwamba bomu lilipangwa na Hitler mwenyewe ili aonekane ana ulinzi wa Mungu. Uvumi huo haukuenezwa na walevi tu. Hata Martin Niemöller, mchungaji maarufu aliyefungwa kwa kuwapinga Wanazi, aliutangaza. Kisa? Elser alipewa chumba kikubwa na zeze gerezani, na hakuna aliyeamini kwamba seremala angeweza yale peke yake. Swali lile lile la Gestapo, sasa mdomoni mwa wahanga wa Gestapo. Mwaka 1955 Berlin ilikuwa na barabara ya Stauffenberg. Mama yake Elser alikuwa hajapata hata neno la pole.

Kilichomwokoa ni karatasi. Mwaka 1964 kumbukumbu za mahojiano yake ya Gestapo zilipatikana, mamia ya kurasa, zikachapishwa mwaka 1970. Kila msumari umo, kila usiku, na sababu yake pia: alitaka kuzuia damu nyingi zaidi isimwagike.

Na yule mhudumu? Mwaka 1999 msomi mmoja wa Ujerumani aliandika kwamba Elser hakustahili heshima tupu, kwa sababu alitega saa akaondoka, akaacha ichague yenyewe wa kufa. Wengi walimshambulia. Mimi nilipoisoma hoja yake nilikasirika kwanza, maana niliona ni mwenye digrii anamhukumu fundi. Kisha nikakaa nayo. Mwanamke yule alikuwa kazini tu. Hakuwa ameinua mkono kumsalimu yeyote, alikuwa anatafuta unga. Elser, kati ya watu wote, alijua mshahara wa mtu kama yeye ni kiasi gani. Sina jibu la kulifunika hilo, na sitaki kukudanganya kwamba watu zaidi ya milioni 50 waliokufa baadaye wanalifuta. Bado naamini alikuwa sahihi kujaribu. Yote mawili nayabeba, yananilemea.

Bürgerbräukeller ilibomolewa mwaka 1979. Ilipokuwa ile nguzo, sasa kuna bamba dogo chini, watu wanalikanyaga wakienda kazini. Lakini mtaani Türkenstraße, karibu na alipopanga chumba, kuna uwanja mdogo uliopewa jina lake mwaka 1997, na ukutani kuna taa nyekundu za mirija zilizowekwa mwaka 2009. Siku nzima zimezimwa, hata huzioni. Kila usiku, saa tatu na dakika 20, zinawaka kwa dakika moja, kisha zinazima tena.

Kwa saa zetu, mwezi Novemba, hiyo ni saa tano na dakika 20 usiku. Kama hujalala leo, ndio muda huo.